Ndama Gani wa Reindia Abaki Kundini? Mwongozo wa Kuchagua kwa Mzani

Ndama wawili majike wanapita kwenye mzani, mmoja nyuma ya mwenzake. Ni mwisho wa Septemba, ndani ya uzio wa kutenganishia mifugo karibu na Inari, kaskazini kabisa mwa Ufini. Wa kwanza ana kilo 45. Wa pili ana 42. Nafasi kundini imebaki moja tu. Atakayekosa atapanda lori la machinjioni. Mgeni atambakisha wa kilo 45 bila kusita. Nilipokuwa mgeni nami ningefanya hivyohivyo, na ningekosea.

Kwa asiyemjua zaidi ya picha za Krismasi, reindia ni mnyama wa jamii ya kulungu anayefugwa kwa nyama na ngozi kuanzia Norwe, Uswidi na Ufini hadi Siberia. Ndiye pekee katika jamii yake ambaye hata jike huota pembe. Wasami, wenyeji wa kaskazini, wamemfuga kwa karne nyingi, na huko Uswidi na Norwe ufugaji wake kwa sehemu kubwa ni haki yao wao. Ufini inamruhusu raia yeyote wa nchi za Umoja wa Ulaya anayeishi ndani ya eneo la ufugaji. Wamiliki huko wanazidi 4,000, nao wamo katika vyama vya ushirika 54, kila kimoja na mipaka yake ya malisho.

Serikali ya Ufini imeweka kikomo cha reindia 203,700 wanaoruhusiwa kubaki hai baada ya machinjo ya mwaka. Kikomo hicho ndicho chanzo cha mwongozo huu. Mfugaji asiyeweza kuongeza vichwa hana budi kuongeza ubora wa vichwa alivyonavyo. Ndiyo maana kati ya reindia wanne wanaochinjwa nchini humo, watatu hivi ni ndama wa mwaka huohuo. Ndama huzaliwa Mei na kilo 5 au 6, hula majani mabichi ya majira ya joto, na kufika Septemba ana kilo 40 na ushei. Akichinjwa kabla ya theluji kuwa nzito, hatagusa malisho haba ya majira ya baridi. Lakini kila vuli (nina maana ya Septemba hadi Novemba, majani yanapopukutika, si mvua za vuli za kwetu) unaamua ni ndama yupi atakuwa mama au baba wa kundi lako kwa miaka 10 ijayo. Unaamua mlangoni, kwa sekunde chache, huku wanyama mia tatu wakizunguka nyuma yako.

Maneno mawili ya lugha kabla ya kazi. Kisami cha kaskazini kina jina kwa kila umri: miessi ni ndama wa mwaka wa kwanza, čearpmat ni wa mwaka wa pili, vuonjal ni mtamba, áldu ni jike mzazi, sarvvis ni dume la mbegu, heargi ni maksai wa kuvuta mizigo. Msukuma au Mmaasai hataona ajabu. Hataona ajabu pia akiambiwa kwamba huko si adabu kumuuliza mtu ana reindia wangapi. Ni sawa na kumuuliza ana shilingi ngapi benki.

Hatua ya kwanza: jua mzani unapima nini

Namba inayotokea kwenye kioo cha mzani ni ya viumbe wawili, ndama na mama yake. Sehemu yake ni damu ya ndama, yaani uwezo wa kukua aliourithi na atakaourithisha. Hiyo ndiyo unayoitafuta. Sehemu kubwa zaidi imetoka kwingine.

Kubwa kuliko yote ni umri wa mama. Jike wa reindia kwa kawaida huzaa mara ya kwanza akiwa na miaka 2 au 3, wakati mwili wake mwenyewe bado unakua. Chakula anachokula kinagawanywa kati yake na maziwa, na maziwa ndiyo yanayopungukiwa. Kisha huja miaka mizuri, takriban kutoka wa 4 hadi wa 9 au 10, ambapo mama ni mzito, anajua malisho, anapata nafasi mbele ya wenzake, na ndama wake anaonyesha hivyo. Baada ya hapo meno husagika na kilo za ndama huanza kushuka. Maziwa ya reindia ni mazito mno, mafuta yake ni mara tatu hadi tano ya yale ya ng'ombe, kwa hiyo tofauti ndogo ya maziwa kati ya mama na mama inakuwa kilo kadhaa za ndama baada ya miezi minne.

Tarehe ya kuzaliwa inafuata. Fanya hesabu: kutoka kilo 6 katikati ya Mei hadi kilo 45 mwishoni mwa Septemba ni kilo 39 kwa siku 130 hivi, yaani gramu 300 kwa siku. Ndama aliyezaliwa siku 10 kabla ya mwenzake anamzidi kilo 3 bila kuwa bora kwa lolote.

Jinsia nayo ina lake: ndama dume humzidi jike kilo kadhaa ifikapo vuli. Hivyo usiwaweke kamwe kwenye orodha moja.

Na kuna mwaka wenyewe. Majira ya joto yakiwa makali, nzi huwamaliza. Kuna mmoja hutaga mayai kwenye manyoya, na funza wake hupenya na kukaa chini ya ngozi ya mgongo majira yote ya baridi. Mwingine hurusha funza wake puani. Siku za jua kali wanyama huacha kula, wakajibana juu ya vipande vya theluji iliyosalia mlimani au kwenye vilele vyenye upepo, na kila saa ya kusimama hivyo ni maziwa yasiyotoka. Vuli yenye uyoga mwingi hurudisha kiasi, maana reindia wanaupenda uyoga hadi kusahau kundi. Kwa sababu hizi kilo 42 za mwaka huu na kilo 42 za mwaka jana si kitu kimoja. Linganisha ndama wa mwaka mmoja peke yao.

Hatua ya pili: mjue mama, mwezi Juni au Julai

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ukiiruka zote zinazofuata zinalegea. Septemba ni kuchelewa. Ndama na mama wanakuwa bado pamoja, lakini katika vurugu za uzio wanapotezana, na wewe huwezi tena kujua nani wa nani.

Nafasi ni wakati wa kutia alama, kuanzia mwisho wa Juni. Kundi huletwa uzioni, mara nyingi usiku, kwa kuwa usiku ni baridi zaidi na jua halitui hata hivyo. Ndama hukamatwa na kuvishwa shingoni kibao chenye namba, kisha huachiwa. Unakaa kimya pembeni na darubini na daftari. Baada ya muda kila ndama humtafuta mama yake, na wewe unaandika: ndama 17, mama mwenye alama fulani ya masikio, hereni namba fulani. Kisha ndama hukamatwa tena na kukatwa masikio kwa alama ya mwenye mama. Alama hizi, mchanganyiko wa mikato ya ncha na kando za masikio mawili, zimesajiliwa kisheria, na watoto wa wafugaji huzisoma kabla ya kusoma vitabu.

Kwa kazi yetu alama ya mmiliki haitoshi, kwa sababu inasema ni mali ya nani, haisemi ni mama yupi. Kila jike mzazi awe na hereni yenye namba yake, na umri wake uwe daftarini. Ndama naye avishwe hereni siku hiyohiyo. Ukiwa na majike 60 ni kazi ya usiku mmoja au miwili, na itakuhudumia kwa miaka.

Mwaka mmoja niliachiwa daftari nikaandika namba za vibao nikasahau kuandika namba za hereni zilizochukua nafasi yake. Vibao vilivuliwa, ndama wakaondoka, na orodha yangu ya kurasa nne ikawa haina maana yoyote. Mzee mwenye kundi hakunigombeza. Alinipa kahawa, na tangu siku hiyo akampa binti yake daftari.

Hatua ya tatu: pima siku moja, kwa hali moja

Kupima hufanyika wakati wa mkusanyiko wa vuli, ambao Kifini huitwa erotus, kutenganisha. Wanyama huingizwa kwenye uzio wa mviringo, nao huzunguka humo mfululizo, mara nyingi kinyume cha mwendo wa saa. Kutoka hapo wachache wachache huelekezwa kwenye njia nyembamba yenye kizimba cha mzani mwishoni. Mzani wa kielektroniki unaoshika namba ya wastani mnyama akiwa anatikisika ni bora kuliko wa kuning'iniza, lakini hata wa kuning'iniza unafaa ukiujaribu kwa uzito unaoujua kabla ya kuanza na tena katikati ya kazi.

Mambo yanayoharibu namba ni haya. Reindia ni mcheuaji, na tumbo lake ni pipa. Ndama aliyelala uzioni usiku kucha bila kula anaweza kupungua kilo moja au mbili ukimlinganisha na alivyotoka malishoni. Ukipima nusu ya kundi jioni na nusu asubuhi, umewapunja wa asubuhi. Manyoya yaliyolowa mvua au kujaa theluji yanaongeza. Kwa hiyo pima wote kwa mfululizo, na kama haiwezekani, andika saa na siku mbele ya kila namba ili uwatenge kwenye hesabu. Vikundi viwili vilivyopimwa kwa tofauti ya wiki mbili Septemba vina tofauti ya kilo nne hivi za ukuaji peke yake. Mwezi wa Novemba ukuaji umeshapoa, hivyo tofauti ya siku si kitu tena, ila wakati huo ndama wanaanza kupungua kwa viwango tofauti kulingana na theluji ya kila sehemu. Mimi napendelea mwisho wa Septemba.

Usimshike ndama pembe wakati bado zimefunikwa na ngozi laini yenye damu. Mshike miguu au mwili, na usimkimbize tena na tena. Hofu inapunguza uzito na kuharibu nyama ya wale watakaochinjwa siku hiyo.

Hatua ya nne: weka kila ndama mahali pake

Hapa ndipo wale ndama wawili wanarudi. Gawanya ndama majike wote kwa umri wa mama. Makundi matatu yanatosha: mama wa mara ya kwanza, mama waliokomaa, na mama wazee wa zaidi ya miaka 10. Tafuta wastani wa ndama wa kila kundi. Kisha kila ndama toa wastani wa kundi lake. Unachobaki nacho ndicho utakachopangia foleni.

Tuseme ndama jike wa mama waliokomaa wana wastani wa kilo 43, na wa mama wa mara ya kwanza wana kilo 37 na nusu. Ndama wa kilo 45 ni wa mama wa miaka 7. Amewazidi wenzake kilo 2. Yule wa kilo 42 ni wa mama wa miaka 2, mzao wa kwanza. Amewazidi wa kwake kilo 4 na nusu, huku akinyonya maziwa ya mama ambaye mwenyewe bado mtoto. Huyo ndiye abaki.

Tahadhari mbili. Kundi likiwa na ndama watatu au wanne tu, wastani wake ni wa kubahatisha, kwani ndama mmoja dhaifu anauvuta. Bora uliunganishe na kundi la umri linalofuata au utumie tofauti ya wastani wa miaka kadhaa iliyopita ya kundi lako mwenyewe. Usitumie tofauti ya kundi la mtu mwingine aliye kilomita 200 kutoka kwako.

Ya pili ni kuhusu tarehe. Ukijua siku ya kuzaliwa unaweza kuongeza zile gramu 300 kwa kila siku ya kuchelewa. Lakini majike wachanga na waliokonda ndio wanaozaa wamechelewa. Ukisharekebisha kwa umri wa mama na ukarekebisha tena kwa tarehe, unahesabu kitu kimoja mara mbili. Wafugaji wengi hawazijui tarehe hizo hata hivyo, kwa sababu majike huzaa nyikani, na kuwasumbua Mei kwa ajili ya daftari ni kumwalika dubu na tai wakukute umewatawanya. Mimi simsamehei sana aliyechelewa. Sababu iko kwenye hatua inayofuata.

Hatua ya tano: weka sakafu ya kilo

Baridi haijui marekebisho. Januari inapofika na ndama anafukua theluji nusu mita kutafuta kuvumwani, ile mimea ya kijivu inayoota ardhini na kwenye miti na ambayo ndiyo chakula chake kikuu, hakuna atakayemuuliza mama yake alikuwa na umri gani. Kuvumwani kuna wanga wa kutosha lakini protini kidogo sana, hivyo mnyama anaishi kwa alichobeba mwilini kutoka majira ya joto. Ndama mwepesi hana akiba, mwili wake mdogo unapoteza joto haraka, na kwenye mashimo ya kufukulia anasukumwa na wakubwa. Mvua ikinyesha juu ya theluji na kuganda kuwa barafu, wa kwanza kufa ni yeye. Tafiti zilizofuatilia ndama kwa mizani zimekuta hivyo.

Kwa hiyo kabla ya foleni ya hatua ya nne, toa wote walio chini ya uzito fulani halisi, hata kama marekebisho yanawapendelea. Uzito gani? Hiyo inategemea kundi na malisho. Angalia daftari la miaka iliyopita: ndama waliopotea kati ya Novemba na Mei walikuwa wa kilo ngapi vuli? Palipo na msongamano wa waliokufa ndipo sakafu yako. Kama huna daftari, anza kwa kuwatoa theluthi ya chini ya majike, na uandike ili mwakani uwe nalo.

Kuna na dari. Ndama jike aliyenenepa sana anaweza kupata joto na kushika mimba vuli ileile, akiwa na miezi mitano, kisha akazaa akiwa na mwaka mmoja. Watu hufurahia. Mimi naiona hasara, kwa sababu chakula kilichokuwa kimjenge mwili kinakwenda kwenye mimba, naye hubaki mdogo. Kama una uzio wa kuwatenga na madume mwezi wa Oktoba, watenge wale wazito kuliko wote.

Hatua ya sita: macho na mikono

Hii ni fupi. Mdomo usiwe umepishana, maana mnyama asiyeng'ata vizuri hatakula vizuri. Miguu iende sawa, kwato zisiwe na uvimbe. Manyoya yawe yamebadilika yote kuwa ya baridi. Ndama ambaye bado ana viraka vya manyoya ya zamani mwishoni mwa Septemba huenda ana ugonjwa au minyoo. Kinyesi kikavu. Tabia nayo ihesabiwe: ndama anayejirusha ukutani hadi kujiumiza, wakati wenzake wameshatulia, atawafundisha watoto wake. Rangi na umbo la pembe ni mapenzi ya mtu.

Hatua ya saba: madume

Kwa majike unachagua wengi kiasi. Kwa madume unachagua wachache mno, kwani dume mmoja aliyekomaa anahudumia majike 15 hadi 20, na hapo ndipo uchaguzi mkali unapowezekana, na ndipo kosa linapogharimu zaidi. Jike mbaya atakupa ndama 8 au 9 maishani. Dume mbaya atakupa hao kwa vuli moja na zaidi.

Fanya hesabu ileile ya kutoa wastani wa kundi, madume peke yao. Chagua mara tatu ya unaowahitaji. Sababu ya kwanza ni wanyama wakali kama nyegere mkubwa wa kaskazini, linksi, dubu na katika sehemu nyingine mbwa mwitu. Sababu ya pili ni kwamba uzito wa miezi mitano ni dalili tu. Uwapime tena mwaka unaofuata, wakiwa na mwaka mmoja na miezi minne, ambapo maziwa ya mama yameshasahaulika kiasi na mwili unajieleza wenyewe. Waliokuwa juu mara zote mbili ndio madume ya mbegu. Wengine wachinje kabla ya msimu wa kupanda kuanza mwishoni mwa Septemba, kwa kuwa baada ya hapo dume haliki: nyama hunuka na kilo zinayeyuka. Au wahasi wawe maksai. Wazee wa Kisami walikuwa wakihasi kwa meno, kitambaa kikiwekwa juu ya korodani, na simulizi hiyo hupewa kila mgeni ili waone uso wake. Siku hizi kuna koleo la kuhasia.

Usibakize madume wachanga peke yao kwa kuwa ni wengi na rahisi. Kundi lenye madume waliokomaa hupandwa mapema na kwa utulivu, ndama wanazaliwa karibukaribu Mei, na umeshaona tarehe ya kuzaliwa ina thamani ya kilo ngapi. Kituo cha utafiti cha Kutuharju kule Kaamanen, wilaya ya Inari, kilichopima kundi lake tangu miaka ya 1970, kimelifuatilia jambo hili la umri wa madume kwa vipimo vya vinasaba vya baba wa kila ndama.

Na damu isirudiane. Ukichagua madume watatu wote ni watoto wa dume mmoja, kwa miaka michache kundi dogo litakuwa ndugu watupu. Badilishaneni na jirani. Dume wa jirani ambaye huna kilo zake za udogoni mwulizie kilo za mama yake na za ndugu zake.

Hatua ya nane: rudi kwa mama

Ukishamaliza ndama, daftari lina habari nyingine ya bure. Jike aliyekomaa ambaye ndama wake amekuwa chini ya wastani wa kundi lake vuli mbili mfululizo, au ambaye amekuja bila ndama miaka miwili, aende machinjioni, na nafasi yake apewe mtamba. Mwaka mmoja mbaya msamehe: huenda alikuwa na ndama akachukuliwa na tai, au alizaa kwenye dhoruba. Mzee wa miaka 12 mwenye meno ya kusagika usimsubiri afie msituni. Katika makundi mengi kuondoa mama dhaifu huinua kilo haraka kuliko kuchagua ndama, kwa sababu matokeo yake unayaona mwakani.

Utegemee faida kiasi gani

Usitegemee miujiza. Tuseme robo ya tofauti za kilo kati ya ndama inatokana na damu, kadirio ambalo haliko mbali na yanayotajwa na watafiti. Wastani wa kundi ni kilo 42 na uliowabakisha wana wastani wa 46. Wameuzidi wa kundi kwa kilo 4. Kama majike na madume wote wamechaguliwa kwa ukali huo, watoto wao watapanda kilo 1 tu. Kama umechagua majike peke yao na madume ni wa kubahatisha, nusu kilo. Na kizazi kimoja cha reindia huchukua miaka mitano au zaidi.

Lakini kilo hiyo moja hairudi nyuma mwaka mbaya ukija, wakati kilo za malisho na za chakula cha kununua huondoka navyo. Juu yake kuna faida isiyongoja kizazi: ndama wazito wanavuka baridi wengi zaidi, wanazaa mapema, nao huwa mama wazito. Jumuiya ya Wasami ya Ruvhten Sijte, katikati mwa Uswidi, imepima ndama na kuchagua kwa namna hii tangu miaka ya 1980, na huko Norwe wafugaji wa eneo la Røros wanajulikana kwa ndama wazito na kwa ukali wao wa kuchagua.

Wafugaji haohao wa Røros watakuambia pia kwamba mzani peke yake haukuwafikisha hapo, kwani walidhibiti idadi kwanza. Kule Finnmark magharibi, kaskazini zaidi, wanyama walipozidi malisho uzito ulishuka mwaka hadi mwaka, na hakuna uchaguzi ungeweza kuushinda. Ukiona ndama wako wote, wa mama wa kila umri, wanapungua kwa miaka minne au mitano, acha kuangalia ndama, kaangalie kuvumwani: kama kimebaki urefu wa kucha, una wanyama wengi mno. Vilevile, ukianza kuwalisha majani makavu na chakula cha kiwandani majira ya baridi, kama wafanyavyo wengi Ufini, walishe wote sawa, uanze polepole maana tumbo lililozoea kuvumwani hushindwa ghafla kumeng'enya majani, na uandike tarehe. Jike aliyelishwa nyumbani na jike aliyekaa msituni ni makundi mawili tofauti kwenye hesabu ya hatua ya nne.

Waliochaguliwa watie rangi ubavuni au wakate manyoya kwa alama inayoonekana kwa mbali, kabla hawajatoka kizimbani, kwa sababu dakika mbili baadaye wote watafanana. Wape dawa ya funza. Kisha wafungulie pamoja na mama zao, na katika daftari, mbele ya kila namba, acha safu mbili tupu: ya kwanza ya Mei, kama yuko hai; ya pili ya vuli atakayokuja na ndama wake wa kwanza, na kilo za ndama huyo.